Nusu ya Tangi

Mwenye kiwanda alikuwa amelala chali chini ya ngazi, kisogo kimepasuka, mafuta ya alizeti yamemfika masikioni. Koki ya tangi ilikuwa wazi na mafuta yalikuwa bado yanatoka.

"Asifunge mtu," alisema Inspekta, mama wa makamo asiyependa haraka. "Kwanza tujue yanashuka kwa mwendo gani."

Kazi hiyo ilimwangukia konstebo ambaye kituo kizima kilimwita Kikokotoo, kwa kuwa hata bei ya nyanya aliitafutia asilimia. Alisimama mbele ya mrija wa kioo ulio ubavuni mwa tangi, ule unaoonyesha kimo cha mafuta, saa mkononi. Alipotosheka akafunga koki.

Inspekta alikuwa amechuchumaa miguuni pa marehemu. Soli za viatu zilikuwa kavu. Mtu huyu hakuteleza kwenye mafuta. Mafuta yalimwagwa baada ya yeye kuanguka, ili ionekane ameteleza.

"Afande, jana jioni tangi lilijazwa hadi mdomoni," alisema Kikokotoo. "Sasa kimo kimebaki nusu. Kwa mwendo nilioupima, koki ilifunguliwa saa nane mchana."

Siku hiyo mashine hazikukamua. Asubuhi mdogo wake marehemu alikuja kuzisafisha, akaondoka adhuhuri na kumkabidhi ufunguo getini fundi mitambo, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika. Tangu hapo fundi alikuwa kwenye banda la injini, huko nyuma. Jioni ndiye aliyewapigia polisi simu.

"Sikutia mguu humu ndani mpaka jioni," alisema fundi. "Mungu ni shahidi wangu."

"Una shahidi mwingine?"

Hakuwa naye. Alivishwa pingu huku mkewe, mjamzito aliyekaribia siku zake, akimwangalia kutoka getini. Kikokotoo hakuweza kujizuia. Alimweleza mdogo wa marehemu, aliyeitwa kuutambua mwili, hesabu yake yote, mwanzo hadi mwisho. Yule bwana alisikiliza, akafuta macho kwa leso, akatikisa kichwa.

Daktari wa uchunguzi wa maiti hakusaidia. "Chumba kile ni tanuri," alisema. "Kafa asubuhi au mchana, siwezi kuapa." Basi kesi nzima ikaning'inia kwenye hesabu ya Kikokotoo, na kesho yake fundi angesomewa shitaka la mauaji.

Inspekta alirudi nyumbani na dukuduku. Jikoni alimkuta wifi yake, mwalimu wa hesabu, anamenya vitunguu. Akamsimulia.

"Hilo tangi lina umbo gani?" aliuliza wifi.

"Kama faneli. Pana juu, jembamba chini."

Wifi aliweka kisu mezani. "Mkapima likiwa nusu, mkagawanya, basi? Wifi yangu, na serikali inakulipa mshahara kweli?"

Alichukua faneli rafuni, akaziba tundu kwa kidole, akaijaza maji, kisha akaachia. Pale juu maji yalishuka kwa uvivu. Yalipofika kwenye wembamba, yakakimbia.

"Umeona? Mwendo wa chini si mwendo wa juu. Ndiyo kalkulasi hiyo, ile mliyokuwa mnauliza itawasaidia nini maishani. Unalikata tangi vipande vyembamba kabisa, kila kipande unakitafutia muda wake, halafu unajumlisha."

"Nijumlishie."

"Nimalizie vitunguu."

Inspekta alimenya huku machozi yakimtoka, na wifi akaandika nyuma ya bahasha. Hata alipoweka hesabuni kwamba mafuta yakipungua nguvu ya kutoka nayo hupungua, kosa halikufutika. Muda ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa Kikokotoo. Koki ilifunguliwa saa tano na ushei, kabla fundi hajafika.

Asubuhi Inspekta alimwita mdogo wa marehemu kituoni.

"Pole tena kwa msiba."

"Ahsante, mama."

"Fundi wenu ana akili. Nasikia tangi lile katengeneza yeye."

Hakuna aliyemwambia hivyo. Alitupa ndoano tu. Yule bwana akainua kichwa.

"Fundi gani? Yule kaja juzi! Tangi langu mimi. Nimelichora mimi, nikalichomelea kwa mikono hii."

"Kwa nini hukuweka pipa la kawaida?"

"Mashapo yatulie chini. Tangu hapo mafuta yetu ni safi kama chai ya rangi."

"Na kulisoma kwenye mrija?"

"Mpaka ulijue. Juu likishuka kidole kimoja, ni madumu kwa madumu. Chini, kidole kimoja si kitu. Wageni wote hukosea."

"Konstebo wangu pia alikosea."

Yule bwana akamtupia jicho Kikokotoo mlangoni.

"Alikusomea hesabu yake, fundi kasimama pale na pingu. Wewe mwenye tangi uliliona kosa. Mbona hukusema?"

Inspekta alisogeza kiti karibu.

"Koki ilifunguliwa saa tano. Saa tano nani alikuwa kiwandani?"

Yule bwana alitazama mikono yake.

"Nilikuwa naye tangu mashine ya kwanza," alisema. "Asubuhi ile yuko juu ya ngazi, anachungulia mafuta, ananiambia kuanzia mwezi ujao fundi ndiye msimamizi. Niwe chini yake. Nikamwambia, kaka, na tangi je? Akacheka. Akasema tangi ni bati tu, mtu yeyote angelichomelea."

"Ukafanya nini?"

"Nikaivuta ngazi. Nilidhani atainuka anitukane. Nikamwita, kaka, kaka. Kimya. Ndipo nikafungua koki."

"Na fundi?"

"Kijana wenu alipokosea, nikaona nimefunguliwa mlango."

Inspekta alimgeukia Kikokotoo, aliyesimama mlangoni masikio yamemshuka. "Kamtoe fundi mahabusu. Umwombe radhi mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya mkewe."

Maelezo yalipokwisha kuandikwa, yule bwana alitia sahihi. Kisha akauliza, "Huyo aliyewakokotolea, alipata saa ngapi hasa?"

"Saa tano na dakika ishirini."

Midomo yake ikacheza kidogo, kama mtu anayehesabu.

"Amelijua tangi langu," alisema, akalia kwa sauti. Safari hii hakutoa leso.