Springi za Pikipiki ya Mniko

Mwaka 1956, siku ya soko ilianza mapema pale kijijini Nyanungu. Kabla jua halijapanda, akina mama walikuwa wameshatoa magunia na vikapu hadi kando ya barabara. Walikuwa wanamngoja Mniko na pikipiki yake.

Mniko alikuwa askari zamani. Alipoacha jeshi alinunua pikipiki kuukuu. Nyuma aliondoa lile gurudumu moja, akaweka mawili. Juu ya magurudumu hayo alifunga sanduku la mbao. Basi pikipiki ikawa na magurudumu matatu. Ilibeba mahindi, ndizi na ulezi. Mara nyingine ilibeba mgonjwa.

Mke wake, Agustina, alikaa ndani ya sanduku kulinda mizigo.

"Baba Verdiana," alisema siku moja waliporudi, "mgongo wangu umekwisha. Kila jiwe la barabara hii nalijua kwa mgongo."

"Ni barabara mbaya," alisema Mniko.

"Barabara ni mbaya, lakini hata hili sanduku ni kama kupanda mwamba. Maziwa ya leo yamefika sokoni yana siagi juu!"

Mniko alicheka, lakini alijua ni kweli. Pikipiki yake haikuwa na springi nyuma. Fundi aliyemsaidia kuiunda alikuwa amechomelea ekseli moja kwa moja kwenye fremu. Ekseli ni kile chuma kirefu kinachoshika magurudumu mawili ya nyuma. Gurudumu likigonga jiwe, sanduku zima liligongwa.

Baada ya wiki mbili Mniko alipata springi mbili za motokaa ndogo iliyokufa. Zilikuwa za waya mnene uliozungushwa, kama nyoka aliyejikunja. Ukizikandamiza kwa mikono miwili, zilishuka. Ukiziachia, zilipanda. Aliing'oa ekseli kwenye fremu, akazisimamisha springi zile juu ya ekseli, karibu na katikati yake, akaweka fremu na sanduku juu yake.

Agustina alipanda, wakazunguka uwanja wa kanisa.

"Aa! Sasa ni kama kukaa juu ya pamba!" alisema.

Watu walipiga makofi. Hata mzee Machage, ambaye hakupenda vitu vya injini, alikubali kupanda, akashuka anatabasamu.

Mama yake Mniko aliitwa Nyangi. Macho yake yalikuwa yakimsumbua, na hospitali ya misheni ilikuwa mbali. Siku zote alikataa kupanda pikipiki ya mwanawe. Sasa alisikia sifa za springi.

"Mura, mwanangu, nipeleke," alisema. "Kama mzee Machage amepanda, mimi nitashindwaje?"

Jumatano asubuhi wakaondoka. Mama Nyangi na Agustina walikaa sandukuni, pamoja na magunia mawili ya mahindi. Njia ilikuwa kavu. Mama Nyangi alishika ukingo wa sanduku, akasalimia kila mtu waliyempita. Walimpita mwalimu Stanslaus akiwa na baiskeli yake, naye akawapungia kofia.

Kisha wakafika kwenye mteremko wa kijito. Pale barabara inakata kona kwenda kushoto. Mniko alipunguza mwendo. Aligeuza usukani.

Sanduku likainama upande wa kulia.

Agustina alidhani litarudi. Halikurudi. Liliendelea kuinama, polepole, kama mtu anayelala. Magunia yakateleza. Gurudumu la kushoto likaondoka ardhini, likawa linazunguka hewani.

"Mniko!" alipiga kelele.

Kisha akajikuta amelala kwenye nyasi, mdomo umejaa vumbi. Injini ilikuwa bado inanguruma. Mniko alikuwa ametupwa mbele. Gunia moja lilikuwa limepasuka, mahindi yamesambaa njia nzima.

Mama Nyangi alikuwa amelala chini ya ukingo wa sanduku. Hakusogea. Macho yake yalikuwa wazi.

"Mama!" Mniko alimwita. "Mama, nijibu!"

Hakujibu.

Mwalimu Stanslaus alifika mbio, ameitupa baiskeli yake. Waliinua sanduku wote watatu. Mama Nyangi alikuwa anapumua. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika. Lakini hakulia, wala hakusema neno. Alimtazama mwanawe tu, kana kwamba hamjui.

Walimbeba kwa machela mpaka hospitali. Mkono ukafungwa. Siku ya tatu akarudishwa nyumbani, na bado alikuwa hajasema neno. Alikula kidogo alicholishwa. Alikaa mlangoni akitazama uwanja.

Mniko hakulala vizuri. Kila mara alisema maneno yaleyale.

"Sikukimbia. Agustina, wewe uliona. Sikukimbia hata kidogo!"

"Niliona."

"Basi kwa nini imepinduka?" Kisha akasema, "Labda ulikaa upande mmoja. Ungekaa katikati, isingepinduka."

Agustina aliweka chini sufuria aliyoishika. Hakuamini masikio yake.

"Mimi? Mimi ndiye nimemvunja mama mkono?"

Agustina alitoka nje. Siku ile hawakusemeshana tena.

Kesho yake alikuja Nashoni, jirani yao. Nashoni alikuwa fundi wa malori katika karakana ya mgodi, na alikuwa amerudi nyumbani kwa likizo. Alikuja kumpa pole mgonjwa.

"Shikamoo mama," alisema.

Mama Nyangi hakuitikia. Nashoni alishtuka. Tangu utotoni hakuwahi kumsalimia mama huyu akakosa marahaba. Alimtazama Mniko.

"Nionyeshe hiyo pikipiki," alisema.

Ilikuwa imeegemezwa nyuma ya nyumba. Nashoni alichuchumaa, akaitazama muda mrefu. Kisha akaenda kwenye fremu, akafuta matope na mafuta mahali ekseli ilipokuwa imechomelewa zamani.

"Njooni mwone hapa."

Kulikuwa na ufa. Ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwa umezunguka bomba la fremu karibu lote. Nashoni alipiga nyundo mara moja tu. Bomba likakatika, kipande kikaanguka miguuni pa Mniko.

Mniko alirudi nyuma. Agustina alishika kinywa.

"Juzijuzi nilimbeba mzee Machage," alisema Mniko kwa sauti ndogo. "Na mwezi uliopita watoto wa jirani yetu Efrazia. Watoto wote watatu!"

"Ufa huu ni wa siku zile ulipokuwa huna springi," alisema Nashoni. "Kila jiwe lilipiga gurudumu, gurudumu likapiga ekseli, ekseli ikapiga fremu. Chuma nacho huchoka. Pikipiki bila springi inafaa barabara ya lami, si hii yetu."

"Lakini niliweka springi," alisema Mniko. "Laini kabisa. Halafu ndipo ikapinduka!"

"Leteni magunia mawili ya mahindi."

Waliyaweka sandukuni. Nashoni akamwambia Mniko asimame upande wa kulia, nje ya sanduku, aning'inie ukingoni kwa uzito wake wote. Mniko akaning'inia. Springi ya kulia ikashuka mpaka chini. Ya kushoto ikanyooka. Sanduku likainama, na magunia yakaanza kuteleza.

"Hivyo!"

Wote waligeuka. Mama Nyangi alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mkono wake umefungwa kifuani.

"Hivyo hivyo!" alisema tena, sauti yake ikitetemeka. "Ndivyo ilivyofanya! Ilituinamisha kama inatumwaga!"

Kisha akalia. Agustina alimkimbilia, akamshika. Mniko alibaki ameshika ukingo wa sanduku, machozi yanamtoka. Yalikuwa maneno ya kwanza ya mama yake tangu Jumatano.

Baada ya muda Agustina alirudi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alitaka kujua.

"Shemeji Nashoni, nieleze taratibu. Je, ni kwa sababu nilikaa vibaya?"

"Hapana, shemeji. Hata ungekaa katikati kama nguzo, ingepinduka." Nashoni alichukua kijiti. "Pikipiki ya magurudumu mawili ikikata kona, dereva anailaza upande wa ndani ya kona. Inajisaidia. Hii ya magurudumu matatu hailali. Ikikata kona kwenda kushoto, mzigo wote unasukumwa kwenda kulia. Springi ikiwa laini mno, upande wa kulia unashuka. Ukishuka, mzigo unasogea huko zaidi. Ukisogea zaidi, unashuka zaidi."

"Mpaka unapinduka," alisema Agustina.

"Mpaka unapinduka. Tena hizi springi zimekaa katikati, karibukaribu. Na sanduku liko juu sana. Mtu aliyesimama amebana miguu ni rahisi kumsukuma. Mtu aliyepanua miguu akachuchumaa, utamsukuma uchoke."

Mniko alimtazama mkewe. "Mama Verdiana," alisema, "nilikusema vibaya. Nisamehe."

"Nimekusikia," alisema Agustina. "Sasa msikilize fundi, tusije tukaua mtu."

"Basi niweke springi gani?" aliuliza Mniko. "Ngumu kuliko zote?"

"Kwanza niambie, unabeba nini?"

"Magunia manne. Au watu watatu na mizigo yao."

"Na ukirudi?"

"Mara nyingi narudi mtupu."

"Basi hayo ndiyo ya kuanza nayo. Springi inachaguliwa kwa mzigo. Uzuri wake hauonekani ukizunguka uwanja wa kanisa na mtu mmoja. Kwako wewe nitachagua springi za bapa."

Alikwenda kwake, akarudi na springi mbili za gari dogo la mizigo. Zilikuwa vipande vya chuma bapa vilivyopinda kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu na vifupi chini.

"Kuna magari ambayo kila gurudumu lina springi yake na mikono yake ya chuma ya kulishikilia," alisema. "Yanakwenda vizuri. Lakini yana viungo vingi, na kiungo kimoja kikilegea, huku kwetu utapata wapi kingine? Hizi za bapa ni rahisi. Zinabeba mzigo, na zenyewe zinaishika ekseli isiyumbe kwenda pembeni."

Walifanya kazi siku nne. Fremu iliyokatika walikwenda kuichomelea upya, wakaongeza chuma cha kuimarisha. Walitafuta ekseli ndefu zaidi, ili magurudumu yakae mbali. Springi waliziweka karibu na magurudumu, si katikati. Sanduku wakalishusha chini.

Agustina aliuliza kila kitu.

"Mbona mwisho huu wa springi umefungwa imara, na huu mwingine unacheza?"

"Springi ya bapa ikikandamizwa inanyooka. Ikinyooka inakuwa ndefu. Ukiifunga imara pande zote mbili, itakatika."

"Na hivi vyuma virefu vinavyotoka kwenye ekseli kwenda mbele?"

"Ni kwa ajili ya mnyororo unaotoka kwenye injini na kuizungusha ekseli. Ekseli ipande na kushuka, lakini isisogee mbele wala nyuma. Ikisogea, mnyororo utalegea uchomoke, au utakazwa ukatike."

Walipojaribu kwa mara ya kwanza, sanduku tupu liliruka kama mbuzi. Nashoni akatoa kipande kimoja cha bapa kila upande. Wakapakia magunia manne. Springi zikashuka nusu tu, zikabaki na nafasi.

"Hapo," alisema. "Zikigonga chini ukiwa na mzigo, ni laini mno. Zikikataa kushuka kabisa, ni ngumu mno. Bado sanduku likiwa tupu litarukaruka kidogo. Hilo vumilia. Wala usizidishe mzigo, maana hapo hakuna springi itakayokusaidia."

"Sasa tupande?" aliuliza Mniko.

"Mtu asipande! Kwanza magunia."

Walikwenda kwenye kona ileile ya kijito. Watu wengi walifuata. Mama Nyangi naye alifuata, amemshika Agustina kwa mkono wake mzima. Mniko aliteremka peke yake na magunia manne. Mama Nyangi alifumba macho.

Sanduku liliinama kidogo, likasimama hapo. Magurudumu yote mawili ya nyuma yalibaki ardhini. Mniko alipita kona, akarudi, akapita tena mara tatu. Kisha Nashoni alikagua kila bolti kwa mkono.

"Kagua hivi kila wiki," alisema. "Na kwenye kona, nenda taratibu hata hivyo."

Mwezi uliofuata Mama Nyangi alirudi hospitali kufunguliwa mkono na kuonyesha macho yake. Alikwenda kwa pikipiki. Njiani alifumba macho kwenye kila kona, lakini alikwenda, na akarudi.

Kisha mvua za masika zikaja. Mchana mmoja mume wa Efrazia alifika anahema. Mkewe alikuwa na uchungu tangu asubuhi, na mkunga wa kijiji alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya. Walimlaza Efrazia sandukuni juu ya magunia ya nyasi. Agustina alikaa karibu yake, akamshika.

Barabara ilikuwa matope na mashimo. Kwenye mteremko wa kijito maji yalikuwa yamekula upande mmoja wa njia. Gurudumu moja lilizama shimoni, jingine likapanda jiwe. Efrazia alipiga kelele. Agustina aliona ukingo wa sanduku unashuka, akamkumbatia Efrazia.

Springi ilishuka, ikabeba, ikapanda. Sanduku likakaa sawa.

"Tumepita?" aliuliza Efrazia.

"Tumepita," alisema Agustina.

Hospitalini wauguzi wawili walimpokea Efrazia mbio, wakaingia naye ndani. Mniko alizima injini. Alikaa palepale kwenye mvua, mikono juu ya usukani, na Agustina akaja kusimama karibu naye.

Walikuwa bado hapo waliposikia mtoto analia.