Behewa la Wanawake

Fermín aliingia behewa lisilo lake. Pale kituo cha Pino Suárez, watu wakitoka kazini, mabehewa ya mbele ya treni ni ya wanawake na watoto, na hakuna mtu wa Jiji la Mexico asiyejua hilo.

"We kaka, sketi umeisahau nyumbani?" Yadira, koti la kijani, midomo imekolea rangi nyekundu, alimpigia kelele. Behewa zima likaangua kicheko.

"Nikiivaa utaniruhusu nisimame karibu yako?"

Mapenzi yakaanzia hapo. Mwaka haukuisha, Fermín akahamia kwake.

Jumatatu moja Yadira alirudi kutoka kupima saratani ya mlango wa kizazi. Daktari alikuwa ameona doa, akakata kinyama kidogo kikachunguzwe. Usiku huo huo mkono wa Fermín ukamtambaa kiunoni.

"Wiki hii hapana, mpenzi. Daktari kakataza mpaka kidonda kipone."

"Kidonda cha kupimwa? Mbona dada yangu alipimwa asubuhi, jioni yuko na mumewe?"

"Yeye alipanguswa tu. Mimi nimekatwa."

"Na doa limetoka wapi?"

"Wanasema ni kirusi. Huambukizwa kitandani."

"Ahaa! Umekitoa kwa nani?"

Hasira ikampanda Yadira. Kutwa nzima ameogopa kufa, na huyu anaogopa kuchekwa!

"Toa mkono wako, Fermín. Ukimaliza, toa na nguo zako kabatini."

Fermín akafungasha akaondoka, na tangu hapo Yadira akawa anapanda behewa la mbele, asikoweza kufuatwa. Jioni moja simu ikaita, ikaita tena.

"Binti, pokea au zima," mama mmoja akanung'unika. "Masikio yanatuuma."

Yadira akapokea. "Unataka nini wewe?"

"Niko behewa la nyuma yako. Nimetoka kliniki, nesi kanipa za uso. Kirusi hicho hujificha miaka. Huenda nilikuja nacho mimi."

"Kwa hiyo mpaka nesi aseme ndiyo uniamini?"

"Ndiyo. Naona aibu, mpenzi."

"Uone! Mshenzi wewe." Akageukia dirishani, akashusha sauti. "Majibu ni kesho. Naogopa."

Treni iliposimama, Yadira akashuka, akamkuta Fermín nje ya kizuizi kinachotenga upande wa wanawake jukwaani, kashika tamale za moto, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda. Yadira akamtupia mkoba.

"Beba. Bado nimekasirika. Kesho utakaa nami pale kliniki, na hilo domo ulifunge."

"Na wiki ikiisha?"

"Itaisha nikisema mimi."