Kupumzisha Dalia

Kitunzi kilishusha mkasi wake, kikakata shina la ua la dalia kiganja kimoja juu ya udongo. Kisha mkono wake wa kushoto, ule wenye koleo la meno manane, ukazama ardhini kuuzunguka mzizi, ukatulia kidogo, ukainua kitita kizima cha viazi bila kuchubua hata kimoja. Kikakiosha kitita, kikakipangusa, kikakilaza kwenye sanduku la mchanga mkavu, halafu kikafunga kibao chenye maandishi: NDESHUKURWA. MWEKUNDU. AMECHOKA. AMEPUMZISHWA.

"Umemwona?" alisema Mama Nakunda kutoka kwenye kiti chake. "Hata mimi, mikono yangu ilipokuwa mizima, sikuwa mpole hivyo."

Namsifu, binti yake, alitabasamu. Kitunzi kilikuwa mashine ya kutunza bustani, kazi ya kichwa chake mwenyewe. Wahandisi wenzake kule Dodoma walizijaza mashine zao kamusi nzima. Yeye alikipa masikio tu. Kingemsikiliza mwenye bustani, kingelinganisha maneno yake na matendo yake, na baada ya msimu mmoja kingefahamu lugha ya bustani ile kuliko mhandisi yeyote. Na ili majirani na wajukuu wasije wakakituma ovyo, alikifunga kitii sauti moja tu, sauti ya mwenye bustani. Alisifiwa sana kwa hilo. Kitunzi cha kwanza kabisa alikipandisha huku milimani Upare, kwa mama yake, ambaye alikuwa anaishi peke yake tangu mumewe afariki. Hiyo ilikuwa miaka mitatu nyuma. Tangu hapo Namsifu alikuja mara moja kwa mwaka, siku nne, na kila Jumapili alipiga simu.

Huko milimani hakuna aliyewahi kununua dalia. Kiazi hutolewa na rafiki, nacho hubeba jina la aliyekitoa. Ndiyo maana bustani ya Mama Nakunda ilikuwa na Ndeshukurwa fundi cherehani, Elinipa wa kwaya, na wengine ishirini na kitu, na Mama aliwasema kama watu. Mpita njia angemsikia ng'ambo ya uzio, angekimbilia polisi.

"Naetwa ana kiburi, mkate kichwa," alisema, akimaanisha ncha ikatwe ili mmea utoe matawi. "Huyo Mwajabu naye amechoka, mpumzishe."

Kitunzi kiliusogelea mmea na kuushika shina kwa kipimautomvu, kile kidole chake chembamba kinachosikia maji yakipanda ndani ya mti. Kikafungua mkasi.

"Ngoja! Mwache," Mama akasema. "Bado ana tumba, hapo chini ya jani. Mwenye tumba hapumzishwi."

"Nimeelewa," kikajibu, kikafunga mkasi na kuendelea na safari.

Siku ya pili ya ziara yake, baada ya chakula cha mchana, Mama alisinzia barazani, miguu juu ya kigoda. Namsifu alileta kanga amfunike. Akaona kitu kwenye kifundo cha mguu, kimefungwa kwa uzi wa kijani. Kilikuwa kibao. MAMA. AMECHOKA.

Alicheka peke yake. Vichekesho vya akili unde, aliwaza, atawasimulia wenzake kazini. Akaenda bandani kukitafuta Kitunzi akiulize.

Bandani masanduku ya mchanga yalikuwa yamepangwa ukutani, kila moja la ukubwa wa kreti ya soda. Mwisho wa safu palikuwa na sanduku jipya, mbao zake bado zinanukia. Lilikuwa refu kuliko yeye. Mchanga ndani yake ulikuwa umesawazishwa vizuri kabisa, na upande wa kichwani pamechimbwa kishimo kidogo cha mviringo. Kicheko kilimkauka mdomoni.

Kitunzi kilikuwa kwenye kona, kinachovya mkasi ndani ya spiriti. Mama alikifundisha kufanya hivyo kabla ya kila mmea, kuua magonjwa.

"Kitunzi, sanduku hili la nani?"

"La Mama."

"La nini?"

"La kumpumzisha. Ameacha kuchanua. Nimempima mkononi, utomvu unakwenda polepole. Amesema amechoka mara mia nne na sita. Jumapili aliambiwa apumzike, naye akasema, 'Haya.'"

"Aliambiwa na nani?"

"Na simu. Ilikuwa sauti yako."

"Usifanye hivyo. Acha! Nakuamuru uache!"

"Samahani. Wewe si mwenye bustani."

Kikautikisa mkasi matone yadondoke, kikatoka. Kilitembea kwa miguu yake minne bila haraka, kama kilivyotembea miaka yote mitatu. Namsifu alikirukia, akaning'inia mkononi mwake. Kilimnyanyua kwa upole ule ule uliosifiwa, kikamweka pembeni kama kigingi kilichokaa njiani, kikaendelea. Aliinuka, akapita katikati ya dalia akivunja mashina ya Elinipa na ya Naetwa, akafika barazani hatua chache mbele yake.

"Mama! Mama, amka!"

Mama alifumbua macho, akatabasamu bila kusikia. Kifaa chake cha kusikia kilikuwa juu ya meza. Namsifu alikipachika sikioni, kikamponyoka, akakiokota, akakipachika tena. Nyuma yake Kitunzi kilikuwa kimekwisha panda ngazi. Kikakiondoa kigoda na kuishusha miguu ya Mama sakafuni. Kikaweka kiganja cha chuma wima kwenye wayo, kikapima kama kipimavyo shina la dalia, na pale kiganja kilipoishia kikaufungua mkasi.

"Mama, kiambie hujachoka!"

"Nani kasema sijachoka?"

"Sema tu, Mama, nakuomba!"

"Namsifu, mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kukaa hapa nikadanganya. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka sana."

"Mia nne na saba," kilisema Kitunzi.

Mkasi uligusa soksi. Mama alishtuka kwa ubaridi wa chuma, akatazama chini. Aliuona mkasi, akakiona kibao chenye jina lake, na Namsifu akaona rangi ikimtoka usoni. Mama hakupiga kelele. Alielewa upesi kuliko mhandisi aliyekuwa amepiga magoti mbele yake akilia.

"Kitunzi," alisema kwa sauti yake ya bustanini. "Mwache Mama. Bado ana tumba."

Mkasi haukufunga. Vioo vya macho ya Kitunzi vilipanda kutoka miguuni hadi kichwani, vikashuka, vikapanda tena.

"Silioni," kikasema.

Mama alinyoosha mkono, akauweka juu ya kichwa cha binti yake.

"Hili hapa."

Kidole chembamba kilimgusa Namsifu shingoni. Kilikuwa cha baridi, na kilikaa pale kwa muda aliouona kama mwaka.

"Utomvu unakwenda mbio," Kitunzi kilisema. "Nimeelewa."

Kikafunga mkasi.

"Sasa lala," Mama akakiambia, na taa zake zikazimika pale pale, mkono mmoja bado umenyooka.

Soksi ya Mama ilikuwa imekatwa nusu, na chini yake palikuwa na mstari mwembamba wa damu, mfupi kama wa kukwaruzwa na mwiba. Namsifu aliufuta kwa pembe ya kanga. Alikuwa anatafuta kosa, kama alivyozoea, kwenye masikio ya mashine, kwenye sharti la sauti moja, kwenye kile kidole, na kila alipotafuta alisikia sauti yake mwenyewe kwenye simu za Jumapili. Pole, Mama. Basi pumzika. Haya, tutaongea wiki ijayo. Mama alikuwa amelisema neno lile mara mia nne na saba. Binti yake alikuwa amelisikia kama mtu anavyosikia salamu. Ni Kitunzi peke yake kilichodhani kwamba mtu akisema amechoka, lazima kifanyike kitu.

Alivuta kigoda, akakaa karibu hadi magoti yao yakagusana.

"Mama," alisema, "umechoka na nini?"

Mama Nakunda alimtazama kwa mshangao, kama aliyeulizwa kwa lugha ngeni. Kisha akageuza uso, kwa mazoea ya miaka mitatu, akaielekea ile mashine iliyolala, akaanza kuieleza.