Mtaka cha Mvunguni

Duka la vipuri vya kompyuta lilifurika watu. Mwalimu, ndani ya gauni la kijani lililomkaa sawasawa, alinyoosha mkono kuchukua waya wa mwisho. Mkono mwingine ukamuwahi. Aliinua macho, akamtambua mwenye mkono. Kufuli!

Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu kila programu aliyoiandika aliifungia masharti. Zama za mapenzi yao walijenga pamoja jukwaa la kufundishia wasichana kuandika programu. Kiini chake, yaani programu ya msingi, alikiandika Kufuli, na leseni aliyoiweka ilikataza jukwaa lisiendeshwe bila idhini yake kwenye mfumo huria, ule wa bure unaoruhusiwa kwa kila mtu. Kompyuta kuukuu za Mwalimu zilibeba mfumo huria tu. Wakagombana, wakaachana, darasa likafungwa.

“Umependeza, mpenzi.”

“Mpenzi wa nani? Wanafunzi wangu wako mitaani!”

“Niombe basi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.”

“Mgongo wangu haukunjiki.”

“Niliwahi kuibiwa kazi yangu,” Kufuli alisema taratibu. “Aliyeumwa na nyoka, akiona ung’ongo hushtuka.”

“Kwa hiyo mimi ndiye nyoka?”

Mwalimu alitoka bila waya, machozi yakimlenga. Alimpenda bado, na hapo ndipo palipomuuma. Angemrudia akiwa na shida, nani angejua kilichomrudisha ni mapenzi au ni idhini?

Akajifungia kazini. Kiini kizima akakiandika upya, bila kuchungulia hata mstari mmoja wa Kufuli, ili leseni yake isimfunge tena. Macho yalimwiva, shingo ikakakamaa, lakini darasa likafunguliwa.

Siku hiyohiyo, akiwa darasani na wasichana, simu ikaita.

“Nimeliona jukwaa.” Alikuwa Kufuli. “Hakuna hata neno langu moja. Umenifuta?”

“Nimekufuta.”

Karatasi ikasikika ikichakacha.

“Idhini nilishaitia sahihi. Ninayo mkononi.”

“Ichane.”

“Kumbe hunihitaji tena.”

“Kwa darasa, sikuhitaji.” Mwalimu aliwapa wasichana mgongo. “Ndiyo maana leo naweza kukwambia nakupenda, usije ukadhani nimefuata sahihi yako.”

Alisikia karatasi ikichanwa. Kisha mlango wa darasa ukabishwa. Kufuli alisimama pale, shati limelowa jasho, simu bado sikioni.

“Nataka kuja kwenu kuposa,” alisema, wasichana wote wakimkodolea macho.

“Njoo,” Mwalimu akamjibu. “Ila masharti, safari hii, nitaandika mimi.”