Mkonge Ndani ya Zege

Soko la mtaa wa Kenya, Lubumbashi, lilikuwa limefurika watu pale Guelor aliposimama mbele ya meza ya Bijou, muuza kamba, na kuanza kufumua kamba ya mkonge kwa kucha.

"Eh, papa! Unabomoa kamba yangu?"

"Natafuta nyuzi yake, mama. Naenda kuitia mu béton."

"Béton nayo inavalaka kamba?" Bijou alicheka, akafunika mdomo kwa ncha ya liputa lake, kitenge cha manjano.

Guelor alikuwa mpimaji wa zege, hiyo béton, katika kampuni ya ujenzi. Akamweleza kwamba zege tupu likielemewa huvunjika ghafla, lakini lenye nyuzi hupasuka polepole, watu wakapata nafasi ya kukimbia. Akarudi kesho yake. Simu zikaanza, kisha uchumba.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula, Ya Guelor. Na weye, mawe yako imekulisha?"

Papa Chama, baba yake Bijou, ndiye aliyetengeneza ule mkonge. Kampuni ikiukubali kwa dari za shule mpya, alisema, harusi itafanyika kabla ya mvua.

Boriti za majaribio, za zege lenye mkonge ule, zilikaa majini miezi mingi. Siku ya kupima, ufa ulianza chini, mwembamba kama unywele, kisha ukaruka hadi juu. Boriti ikakatika. Nyingine zote vilevile. Saruji ilikuwa imezitafuna nyuzi.

Papa Chama akaja kuona vipande; jioni akapiga simu. "Mukwe, andika tu: inashika."

"Papa, chini ya ile dari kutakuwa batoto."

"Basi kwangu usifike tena."

Bijou akaambiwa na baba yake kwamba mchumba wake amehongwa na wauza nyuzi za chuma. Hakupokea simu zake tena. Mwishowe Guelor alikuja sokoni, shati limejaa vumbi, akaweka kipande cha boriti mezani. Bijou akavuta uzi uliochungulia. Ukasagika vidoleni kama jani kavu.

"Kumbe haukukula feza ya muntu," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Twende tumuonyeshe papa."

"Anajua. Alishaona. Ni aibu ndiyo inamukamata. Hatapokea mali yako ya ndoa, na mie siwezi kutoka kwetu bila yeye kukubali."

"Basi unitukane, chérie. Unikasirikie tu."

"Nakukasirikia namna gani? Ungeandika uongo, ningeweza."

Mteja mmoja akauliza bei ya kamba. Bijou akaitaja. Guelor akasogea kumpisha mteja, kisha hakujua tena asimame wapi.