Jina la Tatu Kwenye Kazi ya Kikundi

"Ndinda, wewe hukuwa na kikundi."

Dkt. Ajwang, mwalimu wetu wa Corporate Finance, alisema hivyo bila kutoa macho kwenye kompyuta. Nilidhani ananitania.

"Nilikuwa nacho, Madam. Kikundi cha saba. Mimi, Muriithi na Munyao. Tulifanya ile ya bakery ya Ruiru."

"Kikundi cha saba kina watu watatu." Akanigeuzia skrini. "Muriithi. Munyao. Ciku."

Huyo Ciku alikuwa amekaa mahali pangu, na namba yake ya usajili kando, vizuri kabisa.

"Sasa mimi nina nini?"

"Missing marks. Bila hiyo kazi hujamaliza somo, na bila somo hili huwezi kugraduate mwaka huu. Listi ya wanaograduate inafungwa kesho saa sita mchana. Saa nne nataka kikundi chote hapa, na huyo Ciku."

Nisikilizeni vizuri: hiyo kazi niliifanya mimi. Tulitakiwa kupiga hesabu kama Mama Wamboi, mwenye bakery ndogo kule Ruiru, anunue oveni mpya au aendelee na ile ya zamani. Jumamosi tatu nilitoka kwetu, mtaa wa Landless, nikaenda kukaa jikoni kwake nikihesabu mikate. Muriithi alikuja mara moja, akala mandazi mawili, akaniambia nina akili sana, akaenda zake. Munyao alichora grafu. Muriithi akapewa kazi ya kuprint na kupeleka, kwa sababu alikuwa mpenzi wangu wa miaka miwili na kwa sababu nilikuwa mjinga.

Nilimpigia nikiwa bado mlangoni kwa mwalimu.

"Muriithi, jina langu liko wapi?"

"Sasa babe. Jina gani?"

"Kwa kazi ya Ajwang. Kuna mtu anaitwa Ciku hapo."

"Hiyo lazima ni makosa ya kutype."

"Mtu anatype Ciku kwa makosa, na namba yake yote ya usajili?"

"Relax, babe. Nitaongea na Ajwang."

"Ciku ni nani?"

"Ni msichana tu wa class ya jioni. Babe, simu inaisha chaji."

Akakata. Nikamwandikia Munyao.

"Uliona cover page kabla ipelekwe?"

"Niliona. Muriithi alisema umehamia group ingine. Nilishangaa lakini nikanyamaza. Nisamehe Ndinda."

Kabla sijajibu, ujumbe mwingine ukaingia.

"Na heri ujue yote. Ciku ni dem yake. December Muriithi anapeleka wazazi kwao kumposa."

Niliketi kwenye ngazi za maktaba. Desemba hiyo hiyo Muriithi aliniahidi mimi kwamba angeleta wazazi wake Landless, na mama yangu alikuwa ameshawaambia majirani. Roho iliniuma.

Kesho yake saa nne tulikutana nje ya ofisi. Muriithi alikuwa anaangalia simu yake. Ciku, msichana mwembamba aliyesuka nywele vizuri, alinijia na mkono mbele.

"Sasa Ndinda. Hatimaye tumeonana. Muriithi anakusifu sana."

"Ananisifu kama nani?"

"Si wewe ni cousin yake?"

Mimi ni Ndinda wa Mwangangi, Mkamba pande zote mbili. Yeye ni Muriithi, Mkikuyu. Sijui huo ujamaa ulipita njia gani.

"Alikuambia mimi ni cousin?"

"Upande wa mama," Ciku alisema, na sauti yake ikaanza kupungua.

Mlango ukafunguliwa.

"Nina swali moja," Dkt. Ajwang alisema tulipoketi. "Kazi hii imeshinda zote, na ni kwa kitu kimoja. Darasa zima lilipopiga gharama ya mkopo lilipunguza riba kwa sababu ya kodi, kama kitabu kinavyosema. Nyinyi hamkupunguza. Muriithi, kwa nini?"

Muriithi alishusha pumzi.

"Pole sana, Madam. Tulisahau hiyo step."

"Ciku?"

"Sijui, Madam. Niliambiwa nisome tu ile page ya mwisho."

"Munyao?"

"Hiyo alifanya Ndinda, Madam."

"Ndinda."

"Hatukusahau, Madam. Kampuni kubwa ikilipa riba, faida inashuka na kodi inashuka pia. Mama Wamboi ni mfanyabiashara mdogo. Anatozwa kodi kwa kila shilingi anayouza, apate faida asipate, awe na mkopo au asiwe nao. Riba haimpunguzii kitu. Nilimuuliza akanionyesha karatasi zake. Ningepunguza, hesabu ingemwambia anunue oveni ambayo haitajilipa."

Muriithi alikuwa ameomba msamaha kwa kitu kilichompa nafasi ya kwanza. Dkt. Ajwang alivua miwani.

"Mwenye kazi nimempata," alisema. "Lakini kuna jambo lingine. Muriithi ameniandikia asubuhi kwamba Ndinda mwenyewe alikubali jina lake litolewe ili Ciku asaidike. Ndinda, ukisema ulikubali, mmedanganya pamoja, na wote wawili mtarudia somo mwaka ujao. Ukisema hukukubali, Muriithi anaenda mbele ya kamati ya nidhamu."

"Madam, naomba dakika moja na yeye," Muriithi alisema.

Tulisimama kwenye korido. Alinishika mkono kama alivyozoea, na nitasema ukweli, mkono wangu ulikuwa bado unamjua.

"Ndinda, sema ulikubali. Kamati inafukuza watu. Nitakuwa nimeisha."

"Na mimi?"

"Wewe utarudia upite, hiyo ni kitu ndogo kwako. Ciku hakuwa na group, angefeli. Group ni watu watatu, ilibidi mtu atoke."

"Kwa nini huyo mtu akawa mimi?"

"Kwa sababu wewe ni strong, babe. Wewe hata ukianguka unaamka."

Hapo ndipo niliumia kabisa. Kuwa na mwingine ni jambo ambalo wanaume wengi wamefanya kabla yake. Lakini huyu alikaa chini akapima ni nani kati yetu anaweza kuumizwa bila kupiga kelele, akanichagua mimi. Miaka miwili nilidhani nguvu zangu ndizo alizopenda.

Nilitoa mkono wangu nikarudi ndani.

"Sikukubali, Madam. Hata sikuulizwa."

"Andika hapa, utie sahihi."

Niliandika na kutia sahihi.

"Alama zako zinaingia sasa hivi. Ciku, jina lako linatoka, utarudia somo. Muriithi, baki."

Nje, Ciku alinifuata mpaka kwenye benchi. Nilitaka kumchukia, lakini alikuwa amedanganywa kama mimi.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza.

"Mpenzi. Miaka miwili."

"Mimi mwaka mmoja."

Tukakaa. Baada ya kama nusu saa simu zetu zikalia pamoja. Yangu ilisema:

"Ndinda mpenzi, usimsikize Ciku, ana wivu. Nilikuwa nakulinda. Maisha yangu ni wewe."

Ciku alisoma yake, akanipa simu.

"Ciku mpenzi, usimsikize Ndinda, ana wivu. Nilikuwa nakulinda. Maisha yangu ni wewe."

Tulianza kucheka, yeye kwanza, halafu mimi, mpaka askari wa geti akatuangalia. Kisha Ciku akaacha kucheka.

"Nimeshaambia watu wa kwetu kuhusu December."

"Hata mimi."

"Utaambia mama yako nini?"

Sikujua, lakini nilimpigia.

"Mama, jina langu limerudi. Nagraduate."

"Asante Yesu. Na wewe, mbona sauti iko hivyo?"

"Wale wageni wa Desemba hawatakuja, Mama."

Nilisubiri aniulize kwa nini, na majirani wataambiwa nini. Nilikuwa nimepanga majibu yote.

"Umekula?" aliniuliza.

Hapo ndipo nililia.