Maji Yalipofunga Njia ya Mchanga

Daksha aliteleza kwenye mwani wa kisiwani saa nne na nusu asubuhi. Teresia, aliyekuwa hatua tatu mbele akitazama wanyama wa baharini waitwao sili waliojilaza mwambani, alisikia mlio mkavu, kama ufito unaovunjwa gotini. Alipogeuka, unyayo wa kulia wa mwenzake ulikuwa umeelekea pembeni kabisa.

Walikuwa wametoka London juzi yake. Teresia, Mkenya wa mtaa wa Thornton Heath, alikuwa nesi wa wodi katika hospitali moja ya huko. Daksha, mzaliwa wa Kisumu aliyehamia mtaa wa Hounslow na wazazi wake akiwa msichana, alikuwa mfamasia wa hospitali hiyo hiyo. Juni hiyo ya 1995 walikodi nyumba ya mawe ufukweni, magharibi ya Uskoti, mahali ambapo jirani wa karibu alikaa umbali wa maili nne. Maji yakipwa, mtu alivuka mchanga kwa miguu hadi kisiwani. Yakijaa, njia ilizama. Sasa ilikuwa imebaki saa moja tu.

Saa hiyo ingemtosha Teresia kukimbia hadi kwenye simu ya nyumbani. Alifikiria hivyo kwanza. Kisha akamvua Daksha kiatu na soksi, akaona vidole vimepauka kama nta. Akatafuta mapigo ya damu juu ya unyayo. Hakuyapata.

“Niambie ukweli, Sista,” Daksha alisema, uso umelowa jasho.

“Mfupa umehama, umebana mshipa. Tukingoja watu waje, mguu utakufa.”

“Umewahi kuurudisha?”

“Nimeshika goti madaktari wakivuta. Mara nyingi.”

Daksha alivua skafu yake na kuikunja. “Basi leo vuta wewe,” akasema, akaiuma.

Teresia alilikunja goti la mwenzake akalibana kwapani, akashika kisigino kwa mkono mmoja na juu ya unyayo kwa mwingine. Alivuta polepole, kwa uzito wa mwili wote, bila kuachia hata Daksha alipoguruma kwenye skafu. Kitu kizito kikajongea ndani, kikakaa. Akangoja. Rangi ilirudi kidogo kidogo, na chini ya kidole chake mshipa ukaanza kugonga, dhaifu lakini hai. Alitengeneza gango kwa mbao za kasha la samaki lililotupwa na mawimbi, akalifunga kwa skafu ile ile.

Alipoinua macho, mchanga haukuwepo tena. Maji ya kijivu yalikuwa yakipita kwa kasi pale walipokanyaga. Hakujuta.

Manyunyu yakaanza. Alimburuta Daksha hadi chini ya jabali lililoinama, akamtandikia nyasi kavu, akamkumbatia kwa nyuma ili wagawane joto. Chai ya thamosi waliinywa kwa mafunda madogo. Ilipokwisha, akakinga kifuniko chini ya ufa uliodondosha maji ya mvua. Kila baada ya muda alipapasa ule mshipa. Ili mwenzake asisinzie, alimtaka ataje dawa zote za stoo yao kwa mfuatano wa alfabeti, na Daksha alizitaja kwa fahari ya kazi yake. Lakini kufikia jioni alipotea kwenye herufi ya M, akarudia jina moja mara nne, ulimi mzito. Hata kutetemeka alikuwa ameacha.

Teresia aliijua dalili hiyo: baridi ilikuwa imeanza kumshinda. Maji yalipopungua hadi magotini, saa moja na nusu jioni, hakungoja zaidi. Alimpandisha mgongoni, mguu uliofungwa ukining'inia pembeni, akaingia baharini.

Katikati ukungu ukawafunika. Mchana wa Uskoti ulikuwa bado haujaisha, lakini mbele na nyuma palikuwa peupe sawasawa. Alisimama. Kuchagua vibaya kungewapeleka kwenye kina. Ndipo aliposikia maji yakikwaruza mchanga karibu naye: kijito chembamba kilichochimba mkondo wake. Aliinama, akachota, akaonja. Hayakuwa na chumvi.

“Dakshaben,” alisema, akimwita dada kwa Kigujarati, “kisiwani hakuna kijito. Haya yanatoka bara.”

Alikifuata kijito kuelekea yanakotoka maji, akipumzika kila hatua hamsini, mapaja yakiwaka. Mchanga ukawa changarawe, changarawe ikawa majani. Ukuta wa nyumba ulijitokeza ukunguni akiwa karibu kuugusa.

Teresia alipiga simu. Helikopta haikuweza kuruka katika ukungu ule, kwa hiyo waliitiwa gari la wagonjwa. Muda wote wa saa mbili, hadi lilipofika, Teresia alimpasha Daksha moto kwa mablanketi na maji ya sukari, mpaka akaanza tena kutetemeka, kisha kulalamika. Kulalamika kule kulimfurahisha Teresia kuliko kitu chochote siku hiyo.

Asubuhi, hospitalini, daktari wa mifupa aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Alisema mguu ulirudishwa vizuri na kwa wakati, akauliza ni daktari gani aliyekuwa nao kule.

Siku nyingine Teresia angeanza kueleza kwamba yeye ni nesi tu, kwamba hakukuwa na mwingine, na angeomba radhi. Daksha alimtazama kutoka kitandani, akamwachia ajibu mwenyewe.

“Ni mimi,” Teresia alisema.